Mzee Mbaluka Nzomo, Aliyezisemea Sinema Bubu

Mzee Mbaluka alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 huko Nuu, Kitui, mtoto wa pili wa marehemu Nzomo Kitheka na marehemu Syombua.

Alisoma hapo Nuu kuanzia 1966 hadi 1973. Mwaka wa mwisho gari la sinema lilipita, na kesho yake akaruka kutoka paa la darasa kama alivyoona jambazi akiruka. Alivunjika mkono, na akachapwa mkono ungali umefungwa. Hakujuta hata kidogo.

Alikuwa mwashi Makindu kwa miaka mingi. Mwaka 2009 mhandisi Mfaransa aliyechimba visima alirudi kwao, akamwachia projekta na sanduku la sinema za zamani za Kifaransa, zile bubu: majambazi wenye vinyago, sumu kwenye divai, watu kusukumwa kutoka kwenye treni. Mbaluka akajenga banda la mabati Kathonzweni, akawa anazisemea mwenyewe kila Jumamosi saa tisa. Vijana wenye simu zilizojaa filamu walikuja wakanasa. "Huyu ameanguka live, buda, hakuna kompyuta hapo," walisema. Abdow, mfanyabiashara wa mbuzi, hakukosa. "Hii ya bubu ndio mimi naelewa. Uso inasema yote." Jambazi akikamatwa, Mbaluka aliuliza, "Tumfanye nini?" Banda zima likajibu, "Piga! Piga!" Tulipenda, tusidanganyane.

Alimwoa Kasiva, Mama yetu, tarehe 15 Desemba 1984. "Alikuwa anakufa mara tatu kwa wiki hapa jikoni, akifanya mazoezi," asema Mama. "Nilizoea."

Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025, katikati ya sinema, sauti ilipazwa nje kwamba mwizi wa pikipiki ameshikwa. Banda lote likamwagika nje. Mutie, fundi wa mabomba, alikuwa chini, kichwa kimepasuka, tairi tayari shingoni. Pikipiki ilikuwa ya kaka yake, lakini nani alikuwa na masikio? Walimpiga wakiitikia "Piga! Piga!" kwa mdundo ule ule wa bandani. Mbaluka aliutambua. Akajitupa juu ya Mutie.

"Mimi ndio nimewafunza hiyo," akasema. "Nipigeni mimi."

Wakampiga. Rungu lilivunja mbavu nne, jiwe likapasua fuvu, na ni hapo tu mikono iliposhuka.

Hospitalini alipasuliwa mara mbili, lakini damu iliendelea kuvuja ubongoni. Aliamka mara moja, akamwuliza Mama, "Mutie ako?"

"Ako."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025.

Ameacha mjane, Kasiva. Watoto, Mwende na Kitheka. Na wajukuu watano. Mutie, anayechechemea, ndiye aliyeongoza kuchimba kaburi hili. Waliopiga pia wako hapa, wengine wameketi viti vya mbele. Mama anawajua mmoja mmoja. Amekataa majina yao yachapwe katika kijitabu hiki. Ameomba jambo moja tu: wakati wa kufukia, wao ndio washike sepetu za kwanza.

Mungu akupe pumziko la amani, Mbaluka wetu.