Kompyuta Inayotafuta Sukari

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, liko kwenye kona, kati ya kinyozi na fundi viatu. Wateja wake ni walewale: kinyozi mwenyewe, anayeitwa Profesa kwa kuwa hajawahi kusema "sijui", na fundi viatu Gundi, ambaye akikaa habanduki. Leo yupo pia binti wa Mama Birika, kompyuta mapajani. Saa nane atasimama mbele ya walimu wake wa chuo kuonyesha programu aliyoitengeneza, na tangu alfajiri hajatia kitu kinywani.

— Hebu rudia, mwanangu, alisema Gundi. Hiyo kompyuta inaonja?

— Haionji, mjomba. Inasoma mchoro wa molekuli ya dawa, kutafuta sukari iliyoshikamana nayo. Ikikuta pete ya atomi yenye oksijeni moja, tena pete ina mikono ya kutosha yenye oksijeni, inasema kipande hiki ni sukari. Inakikata, tuone kilichobaki.

— Haikosei?

— Kuna moja imeiruka. Ni sukari kweli, ila mikono yake michache. Nikilegeza sharti, visivyo sukari navyo vinaingia.

— Hiyo imejificha, alisema Profesa. Inajua inatafutwa.

— Inajuaje, we mnyoa vichwa?

— Molekuli zina akili, Gundi. Ndiyo maana dawa ni chungu. Sukari imetulia ndani kimya, inaogopa sisimizi.

— Basi afuge sisimizi humo kwenye kompyuta!

Binti alicheka kidogo, kisha akamgeukia mama yake.

— Mama, wakiniuliza nisichokijua?

Mama Birika aliendelea kusuuza vikombe. Swali hilo amelisikia wiki nzima, jikoni, mlangoni, hata akiwa bafuni.

Mwanamke mwenye mwavuli, mgeni pale, alikuwa akisubiri kahawa. Akainama kutazama kioo cha kompyuta.

— Samahani. Mkishaitoa hiyo sukari, kinachobaki bado kinatibu?

— Kinatibu mara mbili, alisema Profesa. Kimepungua uzito.

— Wapi! Kinatibu upande mmoja, alisema Gundi. Wa kushoto.

— Kwa nini kushoto? aliuliza mwanamke.

— Kulia ndiko ilikokuwa sukari.

Mwanamke akamgeukia binti.

— Sijui, alisema binti. Programu yangu inaonyesha sukari ilipo na kuikata, basi. Kutibu mpaka kupimwe maabara.

— Ahaa, nimeelewa, alisema mwanamke, akapokea kikombe chake.

Mama Birika akajipangusa mikono.

— Umesikia majibu matatu. Lipi limemtosha?

Binti akacheka, safari hii mpaka kompyuta ikatikisika.

— Na ile iliyorukwa? mama akauliza.

— Nitaanza nayo mbele ya walimu. Nimiminie kahawa.

— Imekwisha. Ya mwisho kapewa mwenye swali. Kula mkate, uende.

Akaula wote.