Mwalimu Vizibo, Aliyefundisha Kuzidisha Sakafuni

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani, na walimu mlioacha madarasa yenu mje mkae nasi, familia imenituma mimi, mke wa mwanawe wa mwisho, niwasomee maisha ya mama mkwe wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Vizibo, naye akaitika bila kinyongo.

Mama alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Juni 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi wa kuchomea vyuma na mshona nguo, na dada yake mkubwa, ambaye tuko naye hapa, anasema alichelewa sana kuongea, ila alipoanza hakunyamaza tena.

Aliingia darasa la kwanza Januari 1964, akamaliza la saba mwaka 1970, akasoma sekondari hadi 1974, kisha akaenda chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1976 akiwa wa pili katika hisabati, na mpaka uzeeni alishikilia kwamba wa kwanza alimzidi mwandiko tu.

Tarehe 2 Februari 1977 aliajiriwa katika shule ya msingi inayopakana na kiwanda cha soda, akapewa darasa la nne, akakuta watoto wanaimba jedwali la kuzidisha bila kukosea, lakini ukiwauliza tatu mara nne maana yake nini, wanaanza kuimba upya. Akaanza kuokota vizibo vya soda, walinzi wa kiwanda wakamwonea huruma wakawa wanamwekea kwenye ndoo, na watoto wakavipanga juu ya maboksi sakafuni kwa safu zinazolingana, kisha kila mmoja akaandika kwa tarakimu kile alichokipanga kwa mikono yake.

Baba, yule aliyeketi mbele, ni fundi wa vigae, na walikutana Machi 1979 alipokuja kutengeneza sakafu ya ofisi ya mwalimu mkuu, mama akamkuta amechora chumba kwenye kipande cha boksi, vigae ishirini na tatu upande mmoja, kumi na nne upande wa pili, amekikata kwa mistari miwili kikawa vipande vinne, mia mbili, themanini, thelathini na kumi na mbili, jumla vigae mia tatu ishirini na viwili. Mama akaliomba boksi akafundishie darasani, baba akasema atampa kazi ikiisha, na kazi ya siku nne ikachukua wiki tatu. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1981 na 1984, na mume wangu mwaka 1990, na baba hadi leo husema kilichopendwa ni boksi, yeye alikuja kama nyongeza.

Jumatano tarehe 18 Mei 1983 alifika mkaguzi, akakuta darasa zima limepiga magoti sakafuni. Binti mmoja alikuwa amepanga safu tatu za vizibo vinne vinne, akaandika 4 × 3 = 12, mkaguzi akamchorea mkasi, alama ya kukosa, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu kitabu chake kilitaka safu zitangulie, iwe 3 × 4. Yule binti, machozi yakimlengalenga, akamwambia, "Si viko vinne, nimeviweka mara tatu? Ndiyo nne mara tatu." Mama akainama, akaligeuza boksi taratibu, safu tatu zikawa nne, akauliza, "Bwana mkaguzi, kuna kizibo kimepungua?"

Mkaguzi alisema darasa si jalala, na kwamba mwisho wa muhula angeleta mtihani wake mwenyewe, na darasa likianguka, mama angehamishiwa stoo ya vitabu na asifundishe tena hisabati. Mwalimu mkuu akamsihi arudi kwenye kuimba, mama akakataa, lakini miezi ile miwili alikonda mpaka gauni likampwaya, na mwenzake wa darasa la tano, bila kuambiwa na mtu, akawa anamsahihishia daftari za lugha ili apate nafasi ya kupumua.

Mtihani ulifanyika Ijumaa tarehe 29 Julai, na swali la mwisho lilikuwa ishirini na nne mara kumi na tatu, ambalo halimo katika wimbo wowote. Katika mkondo wa pili wa darasa la nne, walilipata watoto tisa. Katika mkondo wa mama, watoto arobaini na sita, walipata arobaini na watatu, na mkaguzi akadhani wamenakiliana, akamwita yule yule binti, akamuuliza majibu ameyatoa wapi, naye akamwonyesha mchoro wake, akasema, "Nimekikata chumba vipande vinne, nikajumlisha." Mkaguzi akakaa kwenye dawati dogo la watoto, akachora chumba chake, akapata mia tatu kumi na mbili, akatabasamu, akaomba mkasi wa Mei ufutwe.

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyemwita mama akafundishe walimu wa shule nyingine, na mama alifanya hivyo kila likizo, lakini darasa lake hakuliachia, akakataa ukuu wa shule mara mbili, akastaafu tarehe 9 Juni 2016.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa na miaka sitini na minane, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunamshukuru daktari aliyevuta kiti akaketi kila alipotueleza jambo gumu, na muuguzi aliyepasha mikono yake joto kabla ya kumgusa mama, majirani mliotuletea maji kabla hatujaomba, walimu wenzake mliomtembelea hata alipokuwa hawezi kuongea, na wewe mkaguzi mstaafu, uliyekuja na mkongojo wako ukaomba ukae safu moja na wanafunzi wake.

Mama, tulikuona ukishinda, na darasa lako umeliacha limeelewa. Pumzika kwa amani.