Waya wa Pipa la Thina

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi rangi wa kiwandani, mkono mmoja umefungwa bendeji, alikuwa anamweleza shemeji yake. "Thina, ile ya kuyeyushia rangi, ukiimimina inajijengea umeme. Ule waya wa kwenye pipa ndio uliokuwa unaushusha ardhini. Jamaa wakaufungua, wakaufanya kamba ya kuanikia ovaroli. Namimina tu, cheche hiyo, moto!"

"Bosi kasemaje?"

"Kabandika tangazo: marufuku kuvuta sigara."

"Kwani nani alikuwa anavuta?"

"Hakuna."

Amri rahisi kuitii, nikawaza. Kwa mkono ule hata sigara asingeweza kuishika.

"Leo nani anamimina?"

"Mimi, shem. Kwa mkono huu uliobaki."

"Na waya wameurudisha?"

Basi likasimama mbele ya geti la kiwanda. Akainuka taratibu. "Ovaroli hazijakauka."