Mama Mutanu na Ngome ya Babake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Aliye jikoni naye asogee. Leo tunamkumbuka Mama Mutanu Wathome wa Kangundo, aliyetutoka juma lililopita. Nikicheka katikati, mnisamehe. Ukimkumbuka Mutanu, huwezi kununa.

Babake, Mzee Wathome, alichukuliwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili akapelekwa pwani kukoroga zege. Wakajenga ngome ndogo ufuoni, kuta nene, vidirisha vyembamba vya kutolea mtutu wa bunduki. Adui hakuja. Mzee akarudi Kangundo, akasema amejenga nyumba inayotazama bahari. Nani angemwamini? Alizikwa akiitwa mwongo, na hilo lilimuuma Mutanu sana.

Miaka ikapita. Siku moja Mutanu akasafiri pwani na wenzake wa kanisa, akautafuta ufuo ule ule babake alioutaja. Wasikilizaji wapendwa, ngome ipo! Lakini bahari ilikuwa inakula mchanga chini yake, nayo imeanza kuinama. Wenyeji walimwambia haitamaliza mwaka.

Alirudi nyumbani akaita mwethya, ile kazi ya pamoja ya akina mama wetu. Wakashuka pwani na majembe. Na wakafanya nini? Wakachimba matuta, kama yale ya kuzuia udongo kwa mashamba yetu ya milimani. Matuta, mbele ya bahari! Maji yalipojaa, matuta yote yakasawazishwa. Wenyeji wakacheka sana. Akina mama wakakasirika, isipokuwa mmoja.

Bintiye, Mwongeli, alitusimulia hivi: "Mum alicheka mpaka akakaa chini kwa mchanga. Akasema, 'Hii bahari bado haijatujua. Leteni magunia.'"

Wakajaza magunia mchanga, wakayapanga ngazi kwa ngazi, wakaweka mawe mbele. Waliokuwa wakicheka wakaja kusaidia kubeba. Ngome haikuinama tena.

Kila mwaka walirudi kuikarabati kazi yao, wamebeba sufuria za muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe. Na kila safari Mutanu alimchukua mtu mmoja wa wale waliomcheka babake. Jirani yake, Mzee Ngui, aliingia ndani ya ngome, akapapasa ukuta, kisha akamwambia Mutanu, "Wathome alisema ukweli. Niko na aibu." Mutanu akampakulia chakula.

Kwa Mwongeli, jamaa yote na akina mama wa mwethya, poleni sana. Mungu awafariji.

Nawe unayenisikiliza, tafakari: mzazi wako alikuambia nini, ukacheka, na mpaka leo hujaenda kuangalia?