Insaf Tawadros, Aliyesoma Picha Yake Mwenyewe

Insaf Tawadros Bishai alizaliwa Mallawi, Jumatano tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani Tawadros Bishai na mkewe Fakiha. Bibi alisimulia kwamba alitoka macho wazi, akamtazama mkunga kama anayemkagua. Mimi ni Nabih, mwanawe wa kwanza, na mtanisamehe nikisema Mama badala ya marehemu.

Alisoma shule ya wasichana iliyo nyuma ya kanisa hili, akamaliza sekondari mwaka 1969, kisha akaenda Kairo kusomea upigaji picha za eksirei. Babu alipinga, akisema binti atarudi amepauka kwa kukaa gizani. Alirudi mwaka 1971 na cheti chake, tena amenenepa, kwa sababu alilala kwa shangazi yake wa Shubra ambaye hakuamini kwamba mtu anaweza kushiba.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika hospitali ya jumuiya ya kanisa mjini Minya. Hapo ndipo alipofika mwalimu wa jiografia, Labib Sidhom, akiwa na kifundo cha mkono kilichovunjika. Alirudi kupigwa picha mara ya pili, na mara ya tatu. Mama akamwambia, “Mwalimu, huo mkono umepona tangu mwezi uliopita. Sema unachotaka, foleni ni ndefu.” Walifunga ndoa Jumapili tarehe 24 Julai 1977, wakajaliwa watoto wawili, mimi na dada yangu Nevin.

Mwaka 1996 hospitali ilinunua mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku bila mionzi. Mama alikuwa na miaka arobaini na mitano, na wenzake walidhani kazi hiyo atapewa kijana. Alikwenda Kairo miezi sita, akarudi akiwa bingwa wa mashine. Ile ya kwanza ilikuwa ya polepole na yenye kelele. Ilitazama vichwa na migongo tu, na mtu alilala ndani karibu saa nzima huku ikigonga kama karakana ya wafua shaba. Wengi waliiita kaburi. Mama alikuwa akiwashika kidole gumba cha mguu mpaka wamalize.

Chumba cha sumaku hakitaki chuma, na sisi watu wa huku hatutembei bila chuma. Mama hakuuliza kama mtu ana chuma, maana kila mtu alisema hana. Aliuliza, “Mama yako alikushonea nini, na wapi?” Hapo ndipo pini na hirizi zilipotoka kwenye pindo. Siku moja alikuja mkuu wa kijiji kimoja, mzee wa heshima, mgongo unamuuma.

“Mzee wangu, huna kitu cha chuma?”

“Sina, binti yangu.”

“Na bastola?”

“Bastola si chuma. Bastola ni nguo.”

Alilazimika kuivua hiyo nguo, akampa Mama aitunze, na kila mwaka baada ya hapo alituletea bata wa Krismasi.

Mama aliishi kuona mashine zikibadilika. Ya mwaka 2009 ilikuwa na nguvu mara tatu ya ile ya kwanza. Mgonjwa alibana pumzi kidogo tu, ini likaonekana lote. Moyo ulipigwa picha ukidunda, mtoto akaonekana tumboni kabla hajazaliwa, matiti na tezi dume vikachunguzwa bila kisu. Alifurahia kila hatua kama mtu anayepokea wageni. Alifundisha vijana kumi na wawili kazi hiyo, wa mwisho akiwa Hanan, ambaye yuko hapa leo. Alistaafu mwaka 2019.

Jambo moja tu katika kazi ile lilimsumbua. Ninyi mnajua desturi yetu. Mgonjwa akipatikana na ule ugonjwa tusioutaja, jamaa wanaambiwa, yeye haambiwi. Watu walitoka kwenye mashine wakamtazama Mama usoni, na nyuma yao jamaa wanamkonyeza anyamaze. Naye alisema, “Daktari atawaeleza.”

Septemba 2023 macho ya Mama yaligeuka manjano. Hanan ndiye aliyempiga picha, na daktari akaniita mimi pembeni. Jioni ileile tulikutana jikoni, mimi, Baba, na mama mdogo Samiha.

“Nabih, mwanangu, akijua atakufa kesho,” mama mdogo alisema. “Mwambie ni mawe ya nyongo.”

“Ataomba picha.”

“Mpe picha. Picha ni picha.”

Mimi ni mhandisi wa mifereji. Kwangu picha zile zote ni mawingu. Tukachukua juu ya kabati picha za Baba za mwaka 2018, alipochunguzwa tezi dume akakutwa salama, tukakata pembe yenye jina, nikampelekea Mama. Mapadri watanivumilia kwa yaliyofuata. Aliziegemeza kwenye kioo cha dirisha, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

“Nabih.”

“Naam, Mama.”

“Mawe siyaoni.”

“Ni madogo.”

“Lakini tezi dume naiona. Nzuri, haina kasoro. Samiha, dada yako amekuwa mwanaume tangu lini?”

Baba alijificha nyuma ya gazeti.

“Labib, toka huko. Hii ni yako, nilikupiga mwenyewe. Miaka arobaini na sita tunaishi pamoja, wewe unadhani sitakutambua?”

Baba alicheka kwanza, kisha mama mdogo akacheka huku analia, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Mama alisubiri tunyamaze. Akasema, “Sasa leteni yangu.”

Nilimletea. Aliisoma bila haraka, akaweka kidole mahali na kusema, “Hii hapa.” Kisha akatueleza kwamba alijua tangu siku ya mashine, kwa kuwa Hanan, ambaye hakukosa kumtania kila walipokutana, siku ile alimwita mpenzi mara tano.

“Mbona hukusema?” nilimuuliza.

“Niliwangoja ninyi. Miaka ishirini na mitatu nimewanyamazia watu mlangoni pale. Kila mmoja aliondoka na nyumba nzima ya jamaa, na alikuwa peke yake. Msiniache hivyo, mwanangu.”

Hatukumwacha. Tulipata miezi mitano ambayo sitaibadilisha na chochote. Aligawa dhahabu yake mwenyewe, akagombana na Nevin kuhusu mapazia, akala bata wa Krismasi mabawa mawili. Alipoogopa alisema anaogopa, nasi tukakaa naye. Hanan alikuja kila Jumanne, na utani ukarudi. Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili, Baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Labib Sidhom, watoto wawili, Nabih na Nevin, wajukuu wanne, mdogo wake Samiha, na wanafunzi kumi na wawili ambao leo wamefunga vyumba vyao vya picha kwa saa mbili ili wawe hapa.

Mama mdogo aliniomba jana niandike tu kwamba aliugua. Nampenda na ninamheshimu, lakini Mama aliniagiza vingine, kwa ajili ya yeyote kati yenu ambaye leo ana bahasha ya picha nyumbani na hajui nini kimeandikwa ndani. Aliniagiza niutaje ugonjwa wake kwa jina, kwa sauti, mbele ya kanisa. Insaf Tawadros Bishai amekufa kwa saratani ya kongosho. Alijua, na sisi tulijua, na tulikuwa pamoja naye.

Bwana ampe raha ya milele, alale salama.