Mlima Mweupe wa Mwarabu

Asubuhi hiyo ya mwaka wa sabini na mbili mawingu yalikuwa yameondoka, Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ikaonekana yote kutoka benchi la kibanda cha kahawa cha Wachuka, pale Skuta, Nyeri. Mwalimu Nderitu, ambaye benchi zima lilimwita Profesa, alifika na makala yake ya historia kwapani. Mchana ingeingia mashineni kwa mpiga chapa mjini. Tayari alikuwa amewatangazia wanafunzi, wazazi na hata padri kwamba mlima wao ulitajwa kitabuni na Mwarabu mmoja miaka mia nane iliyopita. Hakuwa na shaka hata chembe.

— Sikieni, akasoma. "Nyuma ya nchi ya pwani kuna mlima mkubwa mweupe, na wenyeji wake hufua chuma." Huu si wetu?

— Na Kirimanjaro? Wachuka akauliza akimimina.

— Hiyo wacha Watanzania watafute Mwarabu wao!

Benchi likacheka. Wahome, makanika waliyemwita Spana, akaweka kikombe chini.

— Mimi hata njia alipitia naijua. Alipitia Kutus. Huko kuna mchele, na Mwarabu bila mchele haendi mahali.

— Mchele ya huko ililetwa juzi na Mzungu, Spana! Profesa akasema.

— Basi alikuja kupima shamba.

— Alifika mpaka Othaya, Wachuka akasema. Akaonja kahawa yetu, akaenda kuambia wenzake.

— Na akaoa huko! Spana akadakia. Ati unafikiri hii pua yangu ilitoka wapi?

Profesa alicheka mpaka akafuta machozi. Mambo yalikuwa yakimnyookea.

Mwisho wa benchi alikaa msichana mgeni, sanduku miguuni. Aliitwa Kathure, muuguzi kutoka Meru aliyekuja kuanza kazi hospitalini.

— Mwalimu, hiyo kitabu ulitoa hayo maneno ni ya Kiarabu?

— Ni ya Kiingereza. Mwingereza alitoa kwa Kifaransa, Mfaransa akatoa kwa Kilatini, na Kilatini ndio ilitoka kwa Kiarabu. Profesa aliwataja kwa fahari, kama mtu anayetaja ukoo wake.

— Sasa "mweupe" ni neno ya nani? Kathure akauliza.

Spana alimtazama Profesa. Wachuka naye akamtazama, birika mkononi. Profesa akahesabu vidoleni. Watu wanne walikuwa wameshika kalamu, na yeyote kati yao angeweza kuupaka mlima ule rangi. Kiarabu chenyewe hakuwahi kukiona. Angeweza kuchapisha tu. Nyeri nzima nani angeuliza? Lakini mtu alikuwa ameshauliza.

Akakunja karatasi zake, akasimama.

— Unapeleka kwa mashine? Wachuka akauliza.

— Naenda kumwambia mpiga chapa angoje, Profesa akasema, akiwa ameshaanza kutembea. Halafu nitafute mtu wa kunisomea Kiarabu.