Kapteni Respicius na Safari ya Mama Mkwe

Baada ya miaka thelathini na moja ya kurusha ndege, Kapteni Respicius Venant anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Sisi wahudumu tuliozoea kumpelekea chai ya rangi isiyo na sukari tumeanza kujiuliza nani sasa atatununia tukichelewa kufunga mlango.

Alizaliwa Mpimbwe kwa wakulima wa mpunga, akaanza kazi na vindege vya watalii wa Katavi kabla ya kujiunga nasi. Marubani wetu wengi wa leo wamepita mikononi mwake. Njia ya Mpanda aliipenda kupita kiasi. Tukikaribia kutua huko, abiria hutangaziwa kwanza hali ya mpunga, halafu ndiyo hali ya hewa.

Lakini nyumbani kulikuwa na jambo lililomshinda. Mama mkwe wake, Mama Katarina, alikuwa anapofuka kwa mtoto wa jicho, na alitakiwa kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Safari ya basi mgongo wake usingeiweza. Ndege aliikataa, maana kwa desturi aliyolelewa nayo mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake wa kiume, wala hamtazami usoni, na ndege, alisema, ni chumba kimoja. Kurushwa na rubani mwingine nako hakutaka, kwa kuwa hamjui. Binti yake Rozalia, mke wa Kapteni, alimbembeleza mwaka mzima, hadi alipomweleza kwamba rubani ana mlango wake na hufungwa. Ndipo akakubali.

Ilikuwa asubuhi, mwaka juzi. Tulikuwa tumeruka tu kutoka Mpanda, mama na Rozalia wakiwa ndani, bado tunaziona nyumba za Makanyagio, korongo alipoingia kwenye injini ya kulia. Kulikuwa na kishindo, ndege ikayumba, kisha propela ya kulia ikasimama mbele ya macho ya watu. Uwesu, mfanyabiashara wa Majengo, aliuliza kwa sauti kwa nini hatugeuki wakati uwanja uko pale nyuma. Wote tulikuwa na swali hilo. Mama Katarina hakuiona propela, ila alisikia kila kitu, akamng'ang'ania Rozalia mkono.

Ndege ambayo haijapanda juu, iliyobaki na injini moja, ukiigeuza kwa papara inaanguka. Kapteni aliizima ile injini, akaenda mbele moja kwa moja, akipanda taratibu, huku roho zetu zote zikitaka kurudi. Kisha tukasikia sauti yake, ileile ya kutangaza mpunga: injini ya kulia ameizima yeye mwenyewe, ya kushoto ni nzima na inatosha, tukishapanda vya kutosha tutazunguka turudi Mpanda. Akazunguka kwa mapana, akatua. Niliogopa sana siku ile, na sauti hiyo ndiyo iliyonituliza.

Abiria walishuka. Kwa kawaida Kapteni husimama mlangoni kuwaaga, lakini alibaki ndani ili mama mkwe apite. Alijua kwamba mama akirudi Mpimbwe na hofu ile hatapanda ndege tena, na macho yatakuwa yamekwenda. Mama hakushuka. Aliniomba nigonge ule mlango. Kapteni akatoka, kichwa amekiinamisha.

"Baba," mama alisema, "mimi kesho napanda tena. Ila wewe usijifiche huko ndani."

Kesho yake ililetwa ndege nyingine, naye akapanda. Wiki chache baadaye tukamrudisha Mpanda, ameshatibiwa. Kapteni alikuwa amesimama mlangoni akiaga abiria. Mama alipomfikia alisimama, akamtazama usoni huyu mtu aliyemwoa binti yake miaka mingi iliyopita.

"Kumbe ndiye wewe," alisema.

Kapteni alilia mbele ya abiria, na hakuna aliyemtania.

Kapteni Respicius, asante kwa kutufundisha kutokuwa na papara. Nenda ukalime mpunga wako kwa raha. Tunakutakia afya njema na mavuno ya kutosha, na mama mkwe aendelee kukutazama miaka mingi.

Zuhra Rehani, kwa niaba ya wahudumu wa ndani ya ndege